Namna ya Kuwa Bingwa wa Neno "Boma" Kabla Chai Haijapoa

Unahitaji vitu vitatu: sauti nzito, kidole cha kunyooshea, na wasikilizaji wasiojua Kiajemi. Nainokanoka utavipata vyote, na hicho cha tatu kimejaa tele.

Mahali penyewe panakusaidia. Kijiji kiko juu kwenye nyanda za Ngorongoro, kaskazini-mashariki mwa kreta, njiani kuelekea Bulati na Empakaai. Wageni wanaotaka kupanda Olmoti hushuka hapa garini kumngoja askari wa hifadhi mwenye bunduki. Ukungu unapita. Baridi inapenya koti la bei mbaya walilonunua kwao. Simu haishiki vizuri, na mnyama pekee aliye mbele yao ni punda. Mdogo wangu, hakuna binadamu aliye tayari kuelimishwa kuliko huyo. Atatupa macho huku na huku, ataona duara la miti na miiba lenye nyumba na ng'ombe ndani, atauliza linaitwaje. Utamwambia: boma. Kisha atauliza swali ambalo kazi yako yote ilikuwa inalingojea: na neno hilo limetoka wapi?

Fuata hatua hizi, utarudi Karatu ukiitwa profesa.

1. Kataa jibu fupi

Jibu fupi ni kwamba boma ni uzio, basi. Mwongozaji anayesema hivyo husema kweli, akashukuriwa kwa kichwa, na mgeni akarudi kupiga picha punda. Wewe usiharakishe. Nyamaza kidogo. Tazama mbali, upande wa Olmoti ikiwezekana, hata kama ukungu umeifunika. Kisha sema: "Hilo neno lina historia ndefu." Hapo hujadanganya bado. Maneno yote yana historia ndefu, hata "soksi".

2. Chagua asili inayolingana na mteja

Sokoni kuna asili tatu, na zote zina wanunuzi.

Ya kwanza ni ya kifupisho. Inasema B-O-M-A ni herufi nne za Kiingereza: mbele Waingereza, mwisho eneo au utawala, na katikati chochote kitakachojaza nafasi, maofisa au ng'ambo. Uzuri wake ni kwamba wasimulizi wawili hawaisemi sawasawa, kwa hiyo hakuna anayeweza kukusahihisha. Wageni kutoka Uingereza huipenda mno. Hufurahi kusikia kwamba hata zizi la ng'ombe walilianzisha wao.

Lakini bidhaa hii inaoza haraka. Henry Morton Stanley alilitumia neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1878, wakati Mwingereza hajatawala hata kata moja ya Tanganyika. Krapf alikuwa nalo kwenye kamusi yake ya 1882. Wajerumani nao waliita ngome zao za utawala maboma, na moja, lililojengwa mwaka 1900, bado liko Arusha mjini na siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Jiulize ni ofisa gani wa Kaizari angeipa ngome yake kifupisho cha mshindani wake. Kwa hiyo asili hii itumie tu kwa watu ambao ndege yao inaondoka kesho asubuhi.

Ya pili ni ya Kibantu. Hii iweke kando, nitakueleza sababu. Kwa sasa jua tu kwamba haina manukato. Hakuna mgeni aliyewahi kuvuka bahari ili aambiwe kwamba neno la Kiswahili limetoka Afrika.

Ya tatu ni ya Kiajemi. Hii ndiyo yako. Shika kalamu.

3. Jifiche nyuma ya marehemu

Mwaka 1939 Oxford walitoa kamusi sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyoandaliwa na ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki chini ya Frederick Johnson. Humo, kwenye neno "boma", kuna dokezo kwamba linasemekana kutokana na Kiajemi *buum*, lenye maana inayosemekana kuwa ngome, mahali pa kukaa kwa usalama. Umeona hizo "inasemekana"? Ziko mbili. Zing'oe zote. Bingwa hasemekani.

Tamka *buum* kwa kuivuta hiyo u mpaka ng'ombe mmoja ageuke. Kisha taja mwaka, taja Oxford, na unyamaze tena.

Sasa nikupe siri ya starehe. Johnson alikuwa ameshafariki kamusi ilipotoka. Na Krapf, yule mmisionari aliyefika Mombasa 1844 na kuandika kamusi yake nene, alifariki Novemba 1881, kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mashahidi wako wawili wakubwa, wote walikwisha kuzikwa kabla wino haujakauka. Utapata wapi tena mashahidi wa namna hiyo? Krapf, nakunong'oneza, hakusema habari za Uajemi hata chembe. Alieleza tu kwamba boma ni boma: ngome ya kuzunguka mji, ya mawe, ya miti, au ya kichaka cha miiba kisichopenyeka. Lakini wewe mtaje jina tu, usimtaje alichosema. Majina mawili ya Kizungu yakifuatana, watu huchukulia kwamba wenyewe walikubaliana.

4. Uchanganye uongo wako na ukweli wa jirani

Hatua hii ndiyo inayowatenganisha wachanga na wakongwe. Usitoe Kiajemi chako peke yake uwanjani; kipe wasindikizaji wa kweli.

Anza na *chai*, kwa kuwa kikombe kiko mkononi mwa mgeni. Kiajemi, *chāy*, nao Waajemi waliipokea kutoka Uchina, lakini huna haja ya kufika huko. Nenda kwenye *darubini*, ambayo mgeni ameining'iniza shingoni kwa bei ya ng'ombe wawili: *dūr* ni mbali, *bīn* ni kuona. Atatikisa kichwa kwa furaha, kwa sababu sasa unazungumzia mali yake. Taja *dirisha*, taja *pamba*, taja *rangi*. Mwonyeshe mashuka mekundu yanayopita barabarani na useme hata hilo neno "rangi" lilipanda jahazi.

Kisha *serikali*. *Sar* ni kichwa, *kār* ni kazi: kichwa cha kazi. Liseme kwa uso mkavu, na kama askari wa hifadhi ameshafika, usicheke.

Halafu *diwani*. Nainokanoka ni kata, na kata ina diwani wake. Kwa Kiajemi *dīvān* lilikuwa daftari la hesabu, likawa ofisi inayotunza daftari, likawa baraza la wanaokaa ofisini, na likawa pia kitabu cha mashairi. Huko Ulaya likaishia kuwa jina la kochi. Kwetu likaishia kuwa jina la mtu anayeombwa maji, barabara na zahanati. Hapa mgeni atacheka, na mtu anayecheka hachunguzi.

Hayo yote ni kweli tupu. Ukishapanga matano au sita hivi, lisukume boma katikati, bila kubadilisha sauti: chai, darubini, diwani, boma, serikali. Limepita. Ukaguzi wa akili ni kama ukaguzi wa geti la Lodoare: gari la nne likiwa na vibali, la tano hupungiwa mkono.

5. Lisafirishe neno mpaka mlimani

Msikilizaji makini atauliza: sawa, lakini Waajemi walifikaje huku baridini? Usitetereke. Tamka "Shirazi".

Neno hilo linafungua milango yote ya pwani. Watawala wa kale wa Kilwa walijinasibu na Shirazi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Makunduchi wanaoga mwaka hadi leo, na Mwaka Kogwa wenyewe huitwa pia Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Mwaka 1957 Zanzibar ilizaa chama kizima chenye Ushirazi katikati ya jina lake. Ukifika hapo, mgeni ameshaona matanga. Mwache ayaone. Kutoka pwani mpaka Nainokanoka weka misafara, weka pembe za ndovu, weka "karne nyingi". Usitaje kituo hata kimoja cha njiani, maana kituo kinaweza kutembelewa.

Kuna jambo ambalo hutalisema hapa, nalo ni kwamba maneno mengi ya Kiajemi hayakuja kwetu midomoni mwa Waajemi. Yalipitia kwa Waarabu, na mengine yalipitia Bara Hindi, ambako Kiajemi kilikuwa lugha ya makarani na mahakama kwa karne kadhaa. Neno kama *serikali* lina jasho la karani zaidi kuliko upepo wa jahazi. Lakini mgeni hakulipa nauli ya kuja kusikia habari za karani.

6. Mkwepe mwalimu wa Kiswahili

Huyu ndiye adui, naye hajifichi. Atakuwa amepanda gari moja na wanafunzi wa ziara ya masomo, ana kofia ya jua na daftari. Atakuachia uongee mpaka umalize, kisha atauliza kwa upole: "Na *bomoa* je?"

Swali hilo ni fupi na linaumiza. Kwa Kiswahili, unaloweza kulifunga unaweza kulifungua, unaloliziba unalizibua, unalolitega unalitegua. Sasa kama watu wanabomoa, na kitu kinabomoka, na mabaki huitwa bomoko, je, hapo kale hapakuwa na kuboma? Huo mzizi umekaa ndani ya sarufi yetu kwa starehe ya mwenye nyumba, haukai kwa adabu ya mgeni aliyeteremka jahazini. Johnson na *buum* yake hawana kitenzi cha kuweka mezani.

Usibishane. Ukibishana naye utaambiwa utaje ngeli. Mkumbatie: "Mwalimu, umenena! Ndiyo maana Waajemi walipofika na neno lao, walikuta Wabantu wanalo linalofanana, yakaungana." Hii haina maana yoyote, lakini inampa kila mtu nusu, na mwalimu hatapenda kukuumbua mbele ya wanafunzi wakati nusu ameshapewa. Akizidi kukaza, muulize mshahara umetoka. Mazungumzo yatahama yenyewe.

7. Usimruhusu mama mwenye boma aongee

Ulinzi wako wote unaweza kuanguka hapa. Mgeni akishajaa elimu atataka kuithibitisha, ataelekea kwa mama aliyesimama kando ya uzio, atakuomba uwe mkalimani: "Muulize, hii anaiitaje?"

Mama atajibu: *enkang'*.

Si boma. Katika Kimaasai, nyumba, uzio, mifugo na ukoo unaokaa humo ni *enkang'*. Neno tulilokuwa tunalitafutia pasipoti tangu asubuhi, mwenyewe halitumii anapoongea na wanawe. "Boma" analitumia anapoongea na wewe, na mgeni, na karani wa sensa, na watu wa ofisini. Ni neno la wanaotazama kutokea nje ya uzio. Ndiyo maana halina shida kuvaa suti: katika wilaya nyingi ukiambiwa uende "bomani" hutakuta ng'ombe, utakuta ofisi, bendera na benchi la kusubiri. Na kule Hai, kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, kuna mji mzima uitwao Boma Ng'ombe, kana kwamba mtu alikusudia kufafanua kwamba hapa si lile boma lenye benchi.

Kwa hiyo mpange mama mapema. Msalimie kwa Kimaasai, *takwenya*, usubiri aitikie *iko*. Ulizia watoto, ulizia ng'ombe, ulizia mvua. Mkishamaliza ng'ombe na mvua, askari atakuwa amefika na safari ya Olmoti imeanza. Akiwahi kusema *enkang'* kabla hujamzuia, mgeukie mgeni utabasamu: "Amesema ndiyo."

8. Kesho yake, jihadhari: utalazimika kusema kweli

Sasa tunafika penye utamu, nami nitapunguza mwendo.

Kutoka Nainokanoka mtarudi ukingoni mwa kreta. Maji ya Munge yanayoanguka pale Olmoti yatawatangulia. Mto huo unashuka mpaka sakafuni mwa Ngorongoro na kuishia ziwa Magadi. Mtasimama kwenye kituo cha kutazamia. Mgeni atashika kifua na kusema neno ambalo kila mgeni hulisema hapo, awe Mfaransa, Mjerumani au Mmarekani: paradiso.

Ngoja. Hilo ni la Kiajemi cha kweli. Halina "inasemekana". Na wewe uliyetumia siku nzima kulivalisha boma kilemba, sasa umeletewa neno lenye kilemba chake tangu kuzaliwa, na kumbe maana yake ni boma.

Sikiliza. Katika Kiavesta, ndugu wa Kiajemi cha kale, *pairi* ni kuzunguka na *daēza* ni ukuta, ule wa kufinyangwa kwa udongo. *Pairidaēza*: ukuta wa kuzunguka. Hakuna malaika, hakuna kinubi, hakuna mito ya maziwa. Kwenye Vendidad, sehemu ya maandiko ya Wazoroasta, neno hilo linahusu uzio wa kumtenga mtu aliyebeba maiti peke yake, kwa kuwa alihesabiwa najisi. Humo alikaa, chakula akipelekewa. Kwenye vibao vya udongo vya Persepolis neno ndugu yake ni mahali pa kuhifadhi matunda na nafaka. Karantini na ghala! Hiyo ndiyo paradiso ilipoanzia.

Kisha wakubwa wakalichukua, kama kawaida ya wakubwa. Mgiriki Xenophon, akisimulia safari ya kijeshi ya mwaka 401 kabla ya Kristo, anasema Koreshi Mdogo alikuwa na *paradeisos* pale Kelainai, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Lilikuwa eneo kubwa lililojaa wanyama wa porini, na yeye aliwawinda akiwa juu ya farasi kila alipotaka kujinyoosha, na mto ulipita katikati. Mto katikati, mdogo wangu. Mwonyeshe mgeni Munge wakati unasema hilo, kidole chako hakitapata kazi nzuri zaidi ya hiyo.

Waebrania wakaliita *pardes*. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 2, Nehemia anamwomba mfalme wa Uajemi barua ya kumpelekea Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, ili aruhusiwe kupata miti. Msitu huo ndio *pardes*. Soma tena polepole: kuna eneo lililohifadhiwa, kuna mhifadhi mwenye jina, na huondoki na gogo bila barua kutoka juu. Mwanafunzi yeyote wa chuo cha wanyamapori pale Mweka angejua nafasi ya Asafu kwenye chati ya utumishi.

Karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Aleksandria wakatafsiri Torati kwa Kigiriki na bustani ya Edeni wakaiita *paradeisos*. Kuanzia hapo uwanja wa kuwindia wa mfalme ukapanda cheo hadi mbinguni. Kiarabu kikawa na *Firdaws*, iliyotajwa mara mbili katika Kurani, sura ya 18 na ya 23, na pwani yetu watu wakawapa mabinti jina Firdausi. Biblia ya Kiswahili, ilipofika kwenye neno hilo, iliandika "peponi" kwa yule mwizi wa msalabani, lakini kwenye Ufunuo 2:7 ikaandika "bustani". Na bustani? *Bū* ni harufu nzuri, *stān* ni mahali. Kiajemi. Waliutoa Uajemi mlangoni, ukarudi dirishani, na dirisha lenyewe nimeshakwambia.

Kwa hiyo mgeni wako anaposema "paradiso" pale ukingoni, kwa mara ya kwanza katika safari nzima amesema jambo sahihi bila kujua. Ukuta wa kuzunguka upo, mita 600 hivi kwenda chini. Eneo lililozungukwa lipo, kilomita za mraba 260 hivi. Wanyama wamo, mto umo, lango lipo, kibali kinahitajika. Koreshi angefika na farasi wake asingeona cha kubadilisha.

Jina la Ngorongoro lenyewe waachie wenzako. Wao wana ile hadithi ya sauti ya kengele ya ng'ombe, na inawapatia riziki.

9. Jua pa kukomea

Ukweli una tabia ya kuendelea. Ukishamwambia mgeni kwamba paradiso ni ukuta, ataanza kufikiri, na akifikiri atauliza kilicho nje ya ukuta. Usimfikishe huko kabla ya kulipwa.

Usimwambie kwamba kabla ya Vita vya Kwanza ndugu wawili Wajerumani, kina Siedentopf, walifuga na kulima huko chini sakafuni. Usimwambie kwamba mwaka 1959 Wamaasai walipoondolewa Serengeti, Ngorongoro ilitengwa kuwa eneo ambapo watu, mifugo na wanyamapori wangekaa pamoja. Ruka 1974, walipohamishwa waliokuwa wakiishi ndani ya kreta. Ruka 1975, kilimo kilipopigwa marufuku. Ruka 1979, UNESCO walipoiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia. Na kuanzia 2022, watu wa Ngorongoro walipoanza kuhamia Msomera, Handeni: ruka kwa miguu yote miwili, maana hapo kila anayekusikiliza ana ndugu upande mmoja au mwingine, na wewe kesho utapita Nainokanoka tena.

Hayo yote yameandikwa na yana tarehe, ndiyo kasoro yake. Asili ya boma ina faida kwamba haimhamishi mtu.

10. Iwapo mgeni ni Mwajemi

Hutokea. Utamwona anatabasamu tangu *darubini*. Ukifika kwenye *buum* atakuambia, kwa heshima, kwamba kwao *būm* ni ardhi, ni nchi ya mtu, na kwamba *būmī* ni mwenyeji wa mahali. Akiwa msomi ataongeza kwamba *būm* ni bundi pia. Ngome hajawahi kuisikia.

Tulia. Mshukuru. Mwambie umekuwa ukimngoja mtu kama yeye. Mwombe alitamke tena, na uwaambie wengine wasikilize lafudhi. Kisha muulize yeye mwenyewe: mahali pa mtu kukaa salama na mifugo yake, je, si ndiyo ardhi yake, si ndiyo uenyeji wake? Atatafakari. Atatazama lile duara la miti. Kuna uwezekano mkubwa, kwa kuwa naye ni binadamu na lugha ni yake, aanze kukutetea kwa hoja ambazo hata Johnson hakuwa nazo. Jioni kule loji atakuwa anawaeleza Wazungu habari za *būmī* wa Nainokanoka, na mwenyeji ni nani, kwa sauti nzito kuliko yako. Bundi msiwataje.

11. Malipo

Siku ya mwisho bahasha itatoka. Vijana huiita tipu; wewe, kwa cheo chako kipya, iite bakshishi. Ipokee kwa mikono miwili, usiihesabu mbele yake, subiri mpaka gari limevuka Lodoare na kuanza kuteremkia Karatu.

Atakayekuuliza kama bakshishi nayo ni ya Kiajemi, mjibu kwa ufupi kwamba ndiyo, na ubadilishe mazungumzo. Usimweleze asili yake hata akubembeleze: kitenzi *bakhshīdan* kina maana mbili, kutoa na kusamehe, na mgeni aliyechoka huchagua ya pili.